Jinsi ya kumtafutia nyumba paka mzee mgonjwa aliyekwama shelta

Kama unajitolea shelta (kituo cha kutunza wanyama wasio na wenyewe), au umekabidhiwa paka wa miaka 13 mwenye figo mbovu ukaambiwa haya mtafutie watu, basi umeshaona kinachotokea. Watoto wa paka wanaondoka chap chap, yeye anabaki. Watu wanafika mbele ya kizimba chake, wanasoma karatasi, wanasema "jamani maskini", wanapita. Wengi wanadhani shida ni umri au watu hawana huruma, mimi naona shida kubwa iko kwenye ile karatasi, imeandikwa jina la ugonjwa basi, na mtu akisoma "ugonjwa sugu wa figo" anajiona kila siku yuko kwa daktari, hela zinakwisha, na paka mwenyewe anakufa wiki ijayo. Hamna aliyemwambia kwamba kwa huyu paka maana yake ni chakula cha aina fulani, maji mengi, na vipimo vya mara kwa mara. Kwa hiyo kazi yako yote toka mwanzo ni kuugeuza huo ugonjwa uwe ratiba, kitu ambacho mtu wa kawaida anakiona kwa macho yake anasema aah, hii naiweza.

Anza na daktari wa wanyama, kabla hujapiga hata picha moja. Usimtangaze paka ambaye hali yake huijui, maana swali la kwanza litakaloingia inboksi ni "anaumwa nini hasa", ukijibu "sijui ila ni mzee" mazungumzo yameishia hapo. Omba vipimo vya damu vya figo, sukari na thairoidi (tezi ya shingoni), omba na mkojo, presha, aangaliwe mdomo, apimwe uzito, na kama hajawahi kupimwa FIV na FeLV (virusi viwili vya paka vinavyoshusha kinga ya mwili) apimwe. Presha huwa inasahaulika sana na kwa wazee ni muhimu mno, figo na thairoidi zote zinaweza kuipandisha, na ikiachwa paka anaweza kupofuka ghafla, wakati dawa yake ni kidonge tu cha kila siku.

Kwenye thairoidi kuna jambo moja la kuwa nalo makini. Paka ambaye thairoidi yake inafanya kazi kupita kiasi (utamjua, anakula kama hajala wiki nzima halafu anazidi kukonda, hatulii, usiku anapiga kelele) damu yake inapita kwa kasi kwenye figo, kwa hiyo vipimo vya figo vinaweza kutoka vizuri kumbe sivyo. Ukianza kumtibu thairoidi, ndo ugonjwa wa figo uliokuwa umejificha unajitokeza. Sasa kama umeshamtoa kwa mtu kabla ya kipimo cha marudio, wiki chache baadaye anaambiwa na figo nazo zimo, atajiona ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na huwezi kumlaumu. Subiri marudio. Ni wiki kadhaa tu, na utamkabidhi paka ukiwa na majibu unayoyaamini.

Mdomo ushughulikie kabla hajaondoka kama daktari anakubali. Paka wengi wanaoitwa wakali, wanaong'ata, wasiotaka kushikwa kichwa, meno yanawauma. Watu wanaogopa nusu kaputi kwa paka mzee, ni kweli lazima apimwe kwanza na aangaliwe kwa ukaribu, lakini umri peke yake sio ugonjwa, na paka aliyeng'olewa meno mabovu mara nyingi anabadilika kabisa tabia. Hata asibaki na jino moja atakula vizuri tu. Sasa fikiria unamtangaza akiwa bado na maumivu, unaandika "hapendi kushikwa", wakati mwezi mmoja baadaye ungeandika kitu kingine kabisa.

Halafu viungo. Paka mwenye maumivu ya viungo ni nadra kumuona anachechemea, yeye anaacha kuruka. Manyoya ya mgongoni karibu na mkia yanasokotana kwa sababu hafiki kujilamba. Anakojoa pembeni ya boksi la mchanga na watu wanasema ana tabia mbaya, kumbe ukuta wa boksi ni mrefu na kuinua mguu kunamuuma. Mwekee boksi la ukuta mfupi uone. Na shika miguu yake uangalie kucha moja moja, paka wazee kucha zinanenepa, hazimeguki vizuri, zinajikunja mpaka zinaingia kwenye nyama ya kiganja, na hii inatokea hata kwenye shelta nzuri kwa sababu tu hakuna aliyemwinua mguu.

FIV na FeLV nazo zielewe vizuri mwenyewe, kwa sababu mtu akisikia "ukimwi wa paka" anakimbia. Hakuna hata kimoja kinachomwambukiza binadamu. FIV inaenea zaidi kwa kung'atana kwenye ugomvi, kwa hiyo paka mpole mwenye FIV anaweza kukaa na wenzake wasiogombana. FeLV ndo inataka tahadhari zaidi, inapita kwenye mate, kulambana, kula sahani moja, huyo akae peke yake au na wenzake wenye FeLV pia. Ukiweza kumweleza mtu hivyo bila kubabaika, nusu ya hofu imeondoka.

Ukishapata majibu, kaa chini uandike siku yake. Sio faili, siku. Asubuhi anafanyiwa nini, jioni nini, inachukua dakika ngapi, kwa mwezi inagharimu kiasi gani. Paka wa kisukari mara nyingi ni sindano ya insulini kila baada ya saa 12 pamoja na chakula, sindano yenyewe ni nyembamba sana, wengi hata hawaachi kula wakati wanachomwa, na baadhi yao wakipata chakula sahihi na insulini mapema kisukari kinatulia kabisa hadi sindano zinasimamishwa. Thairoidi kwa kawaida ni vidonge, na kama paka hamezi kabisa, sehemu nyingine kuna dawa ya kupaka ndani ya sikio, unavaa glavu unapaka unamaliza.

Kinachotisha watu kuliko vyote ni kuwekewa maji ya dripu chini ya ngozi kwa paka wa figo, kwa hiyo hapa usiishie kueleza, onyesha. Rekodi video mtu akifanya mwanzo mpaka mwisho bila kukata. Mfuko wa maji umewekwa kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili usiwe wa baridi, umening'inizwa juu, paka kakaa kwenye taulo anakula kitu anachokipenda, mtu anavuta ngozi ya katikati ya mabega juu kidogo inakuwa kama hema, anaingiza sindano chini ya hema, anafungua, maji yanateremka. Dakika chache kiasi alichopanga daktari kimeingia, sindano inatoka, na paka anaondoka na kinundu begani ambacho kinaweza kuteremka mguuni halafu kinanywewa na mwili kwa masaa machache. Onyesha na hicho kinundu, kwa sababu asiyejua akikiona usiku wa kwanza peke yake atapata presha yeye. Video ya namna hii inafanya kazi kuliko maneno yangu yote haya.

Sasa kumtoa kizimbani. Kama kuna uwezekano wowote apate mlezi wa muda, fanya hilo kabla ya tangazo. Paka mzee kwenye kelele za shelta anajikunyata nyuma, hataki kula, mafua yaliyolala mwilini yanaamka, na mtu anayekuja kumuona anaona mgongo tu. Nyumbani kwa mlezi ndani ya siku chache utagundua vitu ambavyo shelta huwezi kuvijua, kwamba analala kitandani, anajibu akiitwa, anaogopa feni, hana habari na mbwa. Hivyo ndo vitu vya kuandika. Na mlezi wa muda umwambie ukweli kabisa kwamba muda unaweza kuwa mrefu, usimdanganye ni wiki moja.

Asipopatikana mlezi, basi angalau mpe boksi la kujificha ndani ya kizimba, boksi la kawaida la karatasi ngumu lenye tundu. Kuna utafiti ulitoka 2014 uliofanywa kwenye shelta moja Uholanzi, paka waliopewa boksi siku za mwanzo walitulia haraka kuliko ambao hawakupewa. Watu wengine wanakataa kwa hoja kwamba paka akijificha hataonekana, ila paka mwenye hofu hata akionekana hachukuliwi. Mpandishe kizimba cha juu kidogo, mbali na mbwa, au umuombee nafasi ofisini, kuna paka wengi wamepata nyumba kwa sababu tu walikuwa wanalala juu ya meza ya mapokezi.

Picha: shuka chini. Lala kifudifudi ikibidi, simu iwe usawa wa macho yake, mwanga wa dirisha, flashi zima. Kwanza mfute macho na pua, mchane manyoya, toa sahani chafu nyuma yake. Mwangalie halafu fumba macho taratibu, fumbua taratibu, rudia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha 2020 kwamba paka wanajibu hiki kitendo, wanafumba nusu na wao na wanakuwa tayari zaidi kumsogelea mtu, na hapo hapo anapolegeza macho ndo upige. Kama ana jicho moja, au sikio limekatika, usilifiche kwenye picha zote, weka moja inayoonyesha vizuri. Weka na kavideo kafupi ka yeye akikoroma au akila, sauti iwepo.

Tangazo lenyewe. Hapa kuna makosa mawili watu wanayafanya. La kwanza ni kuomboleza, "hakuna anayenitaka, nitafia hapa peke yangu", hii inakusanya emoji za kulia na kushea nyingi, lakini anayetafuta paka wa kuishi naye anaona mzigo wa majonzi anauacha. La pili ni kuficha, wanaandika "ana changamoto ndogo ya kiafya" basi. Mficha uchi hazai, kuna mtu huko nje amewahi kulea paka wa kisukari miaka kadhaa, paka wake ameshakufa, sindano anaijua na nyumba iko kimya, na huyo mtu hatakuona kama neno kisukari hujaliandika. Mimi ningeandika hivi:

"Anaitwa Bibi, ana miaka 14. Figo zake zimechoka, kwa hiyo anakula chakula maalum cha figo na anawekewa maji chini ya ngozi mara mbili kwa wiki, dakika kumi hivi, tutakufundisha mpaka uzoee (angalia video). Kwenye kabati haruki tena ila kochi analipanda. Asubuhi anakaa dirishani kwenye jua mpaka joto limzidi ndo anahama. Watoto wadogo wanamchosha, mbwa hajawahi kukaa nao. Kupakatwa hapendi sana, anachotaka ni ukae halafu yeye aje aegemeze mgongo kwenye paja lako. Faili lake lote na gharama zake za mwezi tunakuonyesha kabla hujaamua."

Unaona figo zimetajwa mwanzoni, hazijafichwa, na bado ukimaliza kusoma unayemkumbuka ni Bibi. Usiandike "yuko fit kabisa", usiandike atakaa miaka mingapi. Mtu akikuuliza amebakiza muda gani mjibu kile daktari alichosema na uishie hapo.

Tangazo lipeleke kwa watu wenyewe, usiliachie ukurasa wa shelta peke yake. Waachie madaktari wa wanyama wa karibu, manesi wao hasa, kwa sababu wao ndo wanawajua wateja waliofiwa na paka mzee majuzi na wanaoweza kazi. Makundi ya watu wenye paka wa kisukari au figo yapo mtandaoni, waombe ruhusa uweke. Wastaafu, wanaofanya kazi nyumbani, watu wanaoishi kwenye nyumba tulivu isiyo na watoto wadogo, hawa paka mzee anawafaa kuliko mtoto wa paka anayepanda mapazia saa tisa usiku, na wengi hawajui mpaka waambiwe. Kwa mtu mwenye umri mkubwa mkubaliane mapema nani atamchukua paka ikitokea yeye ameugua, ni swali gumu kidogo kumuuliza mtu mzima, muulize kwa heshima, mara nyingi ameshaliwaza kabla yako.

Hela zizungumze waziwazi. Piga hesabu ya mwezi mzima, chakula, dawa, sindano, vipimo ukivigawa kwa miezi, na uandike kiasi. Kinachowapa watu woga ni kutojua kikomo. Kama shelta yenu inaweza, toeni msaada, labda dawa za miezi ya mwanzo, au mkataba wa ulezi wa kudumu ambapo paka anabaki kuwa wa shelta, matibabu yanalipwa na shelta, na mtu anampa nyumba na mapenzi mpaka mwisho. Kwa paka walio kwenye hatua mbaya zaidi huu mkataba ndo unaookoa, watu wengi wana nafasi ila hawana uwezo wa bili. Kuhusu ada ya kumchukua, ipunguzeni au mfute kabisa, kuna utafiti wa 2009 ulilinganisha waliochukua paka bure na waliolipa na haukukuta tofauti kwenye jinsi walivyowapenda. Ila bure isiwe na maana ya kumkabidhi yeyote aliyejitokeza, mahojiano yanabaki pale pale.

Mahojiano yenyewe yafanye kama maongezi. Muulize paka wake wa mwisho alikufaje, hili swali linakwambia mengi sana kuhusu mtu. Saa ngapi anatoka, saa ngapi anarudi, maana insulini ina masaa yake. Akisafiri nani atachoma. Nyumba ina ngazi? Nani mwingine anaishi hapo na amekubali? Mke akipenda na mume hataki, au mwenye nyumba hajui, subiri kwanza. Na usimbembeleze mtu. Ukiona anasita kwenye sindano, muite aje aone ikichomwa, ajaribu mwenyewe mara moja mbili daktari akiwepo, akiondoka bila kuamua mwache aondoke.

Siku ya kukutana naye mtu akae chini, asimfuate paka. Wapeni nafasi bila watu watano wamesimama mlangoni.

Siku ya kukabidhi mpe dawa za kutosha angalau wiki mbili, chakula kile kile anachokula sasa (kama anataka kubadilisha abadilishe polepole kwa siku 7 mpaka 10), blanketi lake bila kulifua, nakala za vipimo, na karatasi moja ya mambo ya dharura iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye hiyo karatasi andika haya kwa lugha nyepesi: asipokula siku nzima piga simu kwa daktari, usingoje siku ya tatu, ini la paka linaharibika kwa njaa haraka. Dume akiingia boksini mara kwa mara na mkojo hautoki ni dharura, mpeleke saa hiyo hiyo. Wa kisukari akianza kuyumba au kutetemeka, mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, umkimbize. Na usimpe dawa ya maumivu ya binadamu, paracetamol kwa paka ni sumu, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua, vilevile dawa za viroboto za mbwa zenye permethrin zisimguse.

Mwambie amuweke chumba kimoja kwanza, kidogo, chenye boksi fupi la mchanga, maji, mahali pa kujificha, asimtembeze nyumba nzima siku ya kwanza. Kama paka haoni, vitu visihamishwe hamishwe, atazijua njia zake. Atajificha chini ya kitanda, ni kawaida, mradi anakula na anakojoa. Kesho yake mpigie, halafu wiki hiyo hiyo tena, na swali lisiwe "mnaendeleaje" maana kila mtu atajibu tunaendelea vizuri. Uliza amekula nini leo asubuhi, dawa imeingia au ameitema, boksi limelowa mara ngapi. Kidonge kikiwa kinatemwa mnatafuta njia nyingine siku ya tatu badala ya kuja kugundua mwezi wa pili kwamba hajameza hata kimoja.

Kuna paka ambao hawatapata mtu, na ni lazima mtu aliseme hili. Kama maumivu hayatulizwi tena, hataki kula, hajisafishi, siku mbaya zimezidi nzuri, ongea na daktari kuhusu kumpumzisha, na mlezi wake awepo, asife kizimbani akisubiri tangazo lijibiwe.

Akirudishwa, na wengine hurudishwa, msimgombeze aliyemrudisha. Andika kwenye mkataba tangu mwanzo kwamba paka anarudi kwenu muda wowote, kwa sababu yoyote, ili asije akatupwa. Halafu mkalishe huyo mtu, muulize kila kitu kwa utulivu, paka alilala wapi, alimfanyia nini yule paka mwingine wa ndani, dawa aliimeza kwenye chakula gani, usiku alilia saa ngapi. Ameishi naye nyumba moja, anajua vitu ambavyo nyie hamvijui. Chukua hayo majibu, fungua lile tangazo la zamani, lirekebishe jioni hiyo hiyo ulirushe tena.